Jedwali Lisilo na Nyota

Bwana Nyota hakuwa na mazoea ya kumsifu mtu. Kwa hiyo asubuhi ile alipoinua macho kutoka kwenye jedwali na kusema, "Hapa sasa umenifurahisha," mwanafunzi wake, mama aliyeitwa Mwalimu kwa kazi yake ya zamani, aligeuka kuangalia ni nani aliyesimama nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Ofisini walikuwa wao wawili tu, na feni ya ukutani iliyozunguka kwa kusitasita ikipeperusha pembe za karatasi.

"Nyota tatu," profesa alisema, akigonga karatasi kwa ukucha. "Tatu! Unajua kuna watu wanamaliza hapa hawajaiona hata moja?"

"Nashukuru, Profesa."

"Usinishukuru mimi. Shukuru data."

Jina la Bwana Nyota alipewa na wanafunzi, naye alilijua na, kusema kweli, lilimkaa vizuri. Katika majedwali ya watu wa ekonometria, wale wanaopima uchumi kwa takwimu, kando ya namba huwekwa vialama vya nyota. Moja, maana yake jambo hili huenda si la kubahatisha. Mbili, jambo ni zito. Tatu, funga mjadala twende tukale. Ukimpelekea profesa huyu jedwali hakusoma namba kwanza. Alitafuta nyota, kama mtoto anavyotafuta nyama kwenye mchuzi, na asipoziona alikurudishia karatasi yako bila neno.

Ya Mwalimu hakuirudisha. Aliisoma tena kutoka juu hadi chini. Swali lake lilikuwa jepesi kulitamka: kipato cha kaya kikishuka, wazazi huwatoa watoto shuleni? Kulijibu ndiko kulikomtoa jasho. Watafiti walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba na madodoso yao, wakauliza maelfu ya watu wamepata nini mwezi uliopita na watoto wao wako wapi, na Mwalimu alikuwa ameyachambua majibu hayo mpaka macho yakaota mishipa. Jibu lililotoka lilimshangaza hata yeye. Kadiri kipato kilivyoshuka, ndivyo wazazi walivyozidi kung'ang'ania shule. Walibana chakula, walibana mavazi, lakini mtoto alibaki darasani.

"Hili utaliwasilisha Jumatano kwenye semina," profesa alisema. "Wageni wa ofisi ya mipango watakuwepo, wale wanaofadhili mradi wangu. Wanataka kujua kama ile ruzuku ya shule inahitajika kweli. Na ile nafasi ya mtafiti kwenye mradi..." Akatabasamu, jambo ambalo uso wake haukulizoea. "Mimi simwoni mwingine wa kumpa."

Mwalimu alitoka mle ndani miguu myepesi. Alitamani kumshika mtu bega amwambie. Kwenye ukumbi wa kompyuta wenzake wa darasa walikuwa wamejipanga mbele ya skrini, vijana waliotoka shahada ya kwanza juzi, wengine umri wa wanafunzi aliowafundisha hesabu sekondari kabla hajaacha kazi kuja huku. Walipomwona waliondoa vifaa vya masikioni kwa heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu."

Wakavirudisha. Ndivyo ilivyokuwa tangu siku ya kwanza. Hawakumchukia hata chembe. Walimpisha kwenye viti, walimbebea mkoba, na walipokwenda kunywa chai wakicheka, hakuna aliyemwita. Nani anamwita mamake chai?

Alisimama kwenye ngazi akampigia mumewe.

"Baba Kidoti, nimepata nyota tatu!"

"Enhe? Hongera." Sauti ya mumewe ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliye hospitali. "Na ndiyo inakuwaje sasa?"

"Nitaongea Jumatano. Halafu kuna ile kazi. Profesa kasema mwenyewe."

"Basi vizuri." Nyuma yake ilisikika sauti ya mtoto akihesabu kwa wimbo. Watoto wa jirani hao, Mwalimu aliwaza, na wazo likapita. "Mama Kidoti, hebu niambie. Hizo kaya zako unazozisema kila siku. Na sisi tumo humo?"

Alicheka. "Si sisi wenyewe, jamani. Lakini watu kama sisi wamo wote."

"Haya," mumewe alisema. "Kumbe tumo."

* * *

Kesho yake umeme ulikatika chuoni na jenereta likagoma, na Mwalimu akarudi nyumbani jua likiwa utosini. Hakukumbuka mara ya mwisho kuuona mtaa wao kwa mwanga ule. Kwa kawaida aliondoka watu wakifunua mapazia na kurudi mtoto ameshalala, na Jumamosi na Jumapili alikuwa chuoni vilevile, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na kompyuta yenye programu ile.

Kitu cha kwanza alichokiona ni gauni la shule. Lilikuwa kwenye kamba uani, limekauka kau, limeanza kupauka mabegani upande unaopigwa na jua. Siku ya kazi, saa za masomo. Alilishika pindo, akalitazama, kisha akasikia ule wimbo wa kuhesabu aliousikia kwenye simu.

Kidoti alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni, karatasi magotini. Alipomwona mamake aliruka kwa furaha, halafu uso ukabadilika, akaifunika karatasi kwa viganja kama aliyefumaniwa.

"Mama! Umerudi?"

"Nimerudi. Mbona hujaenda shule?"

Mtoto akatazama mlango wa jikoni. "Baba alisema usisumbuliwe."

Baba Kidoti alitoka akifuta mikono kwenye suruali. Huyu alikuwa fundi wa mashine za kuchapa vitabu, mtu wa wino kwenye kucha, mpaka kiwanda chao kilipofungwa na wafanyakazi wote wakarudishwa nyumbani na mabaki ya karatasi kama ndiyo mafao. Wino ulikuwa umekwisha kwenye kucha zake siku hizi. Mwalimu aliona hilo pia, kwa mara ya kwanza, na likamuuma bila kujua kwa nini.

"Kidoti, nenda kacheze," mumewe alisema.

"Tangu lini?" Mwalimu aliuliza mtoto alipotoka.

"Tangu walipofungua muhula."

"Muhula! Baba Kidoti, muhula unakaribia katikati!"

"Najua."

"Na hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Uache hesabu zako ukakae langoni kwa mwalimu mkuu ukilia? Nilikwenda mimi. Nilikaa kwenye benchi pamoja na wazazi wengine mpaka karani akaniuliza, mzee, wewe umeleta au umekuja kuomba? Mbele ya watu. Nikamshika mwanangu mkono tukarudi." Alisema yote hayo bila kupandisha sauti. "Nikasema mmoja wetu asome kwa utulivu. Namfundisha hapa hapa. Karatasi ninazo."

"Na ile shule ya serikali?"

"Hadi mwaka mpya. Wamejaa, wanakaa chini."

Kilichomuuma Mwalimu hakikuwa ada. Ni kwamba alikuwa ameishi kwenye nyumba hii, amelala kitanda kimoja na mtu huyu, amembusu mtoto usingizini kila siku, na hakujua.

Lango lilisukumwa, na kabla ya mtu kuonekana ilitangulia sauti. "Hodi wenyewe! Kaka, unga huu hapa, mafuta nitaleta kesho nikiuza—" Wifi yake, dada wa mumewe, mwenye meza ya nguo za mitumba sokoni, alimwona Mwalimu akasimama na mfuko mkononi. "He! Leo kuna mgeni."

"Karibu, wifi."

"Nimeshakaribia, mimi si wa kukaribishwa hapa." Aliuweka mfuko chini. Alikuwa mwanamke mwenye moyo wa kutoa na mdomo wa kukukumbusha kwamba ametoa. "Vipi, hicho cheti hakijaiva tu? Maana kwetu sisi tusiosoma, kitu kikikaa jikoni muda wote huo huwa kimeungua."

"Kinakaribia."

"Haya. Na habari ya mtoto umeshaambiwa?"

"Ndiyo kwanza leo."

Wifi aliangua kicheko, lakini kilikufa njiani alipoona uso wa mwenzake. "Jamani, kaka," alisema polepole. "Mimi nilidhani ananitania. Mtaa mzima unajua, hata muuza mkaa anamuuliza Kidoti jedwali la kuzidisha. Mkewe asijue?"

Aliupeleka unga jikoni mwenyewe, akatokea mlango wa nyuma bila kuaga, na kwa mtu kama yeye, huo ulikuwa upole mkubwa kabisa.

* * *

Jioni haijaingia, Mwalimu alikaa kwenye ile ngazi na binti yake. Karatasi zilikuwa mabaki ya kiwandani, vipande virefu vilivyokatwa pembeni mwa vitabu vya watu. Baba Kidoti alikuwa amepiga mistari kwa rula na kuandika hesabu kwa herufi safi kama zilizochapwa. Alikuwa mwalimu mzuri. Hilo nalo mkewe hakulijua.

"Haya nikusahihishie," alisema.

Nyingi zilikuwa sawa. Alipofika katikati alikuta nafasi tupu, na chini yake nyingine.

"Hapa mbona umeruka? Sita kutoa sita huijui?"

"Naijua."

"Ni ngapi?"

"Hakuna kitu."

"Sasa mbona hujaandika?"

Kidoti alimtazama mamake kama anayemwonea huruma. "Si hakuna kitu, mama? Ndiyo maana sijaandika kitu."

"Unaandika sifuri, mwanangu. Usipoandika, mtu atadhani swali hukuliona."

Alilisema hilo kwa sauti ya darasani, kalamu tayari inashuka kwenda swali linalofuata, na kalamu ikasimama hewani.

Watu wa fani yake hawaingizi kipato kwenye hesabu kama kilivyo. Matajiri wachache huvuta mstari wote upande wao, kwa hiyo kila kipato hupitishwa kwanza kwenye logariti, kama nguo inavyopita kwenye pasi, ndipo kazi ianze. Kila mtu hufanya hivyo. Mwalimu alifanya hivyo bila hata kufikiri. Na huyu ndiye mwanamke aliyesimama miaka mbele ya kidato cha tatu, chaki mkononi, akiuliza, "Logariti ya sifuri?" na darasa zima likipiga madawati na kuitikia, "Haipo!"

Haipo. Basi kaya iliyosema mwezi uliopita haikupata kitu, mashine iliipeleka wapi?

"Mama, unalia?" Kidoti aliuliza.

"Silii. Andika sifuri hapo."

* * *

Kesho yake umeme ulikuwa umerudi chuoni. Aliifungua kazi yake tangu mwanzo na kusoma kila mstari ambao programu ilimwandikia, na huo hapo, katikati, kwa maandishi madogo, ulikuwa umekaa wakati wote huo: thamani zimekosekana, kaya zimeachwa. Alikuwa ameupita kila siku kama mtu anavyopita kibao cha kukataza kukojoa ukutani. Wala haukuwa umefichwa.

Zilizoachwa zilikuwa mamia. Alizifungua moja moja. Baba, dereva, kipato mwezi uliopita, sifuri, mtoto wa kike wa miaka tisa, hayupo shuleni. Mjane, sifuri, watoto wawili, hawapo. Baba, fundi mashine, sifuri, hayupo. Si wote, wapo waliobaki darasani kwa njia wanazozijua wenyewe, lakini "hayupo" zilifuatana mpaka Mwalimu akaacha kusoma safu ya kipato, akawa anasoma safu ile ya mwisho tu.

Aliiacha logariti. Alizirudisha kaya zote kwenye hesabu moja, zenye kitu na zisizo na kitu, akaamuru ianze upya. Wenye kidogo kweli walikuwa waking'ang'ania. Wasio na kitu waliachia. Pande mbili zikavutana, na ile namba yake nzuri ikasinyaa katikati, nyota tatu zikapotea zote.

Alikaa akiitazama. Kijana wa kiti cha pili, hodari wa darasa, aliondoa kifaa kimoja cha sikio.

"Shikamoo, mama. Kuna tatizo?"

Alitamani kumwambia. Kati ya watu wote aliowajua duniani, labda huyu peke yake ndiye angeelewa kwa sentensi moja kilichotokea. Lakini kuelewa nusu hiyo tu kungemsaidia nini? Nusu nyingine ilikuwa gauni kwenye kamba.

"Marahaba," alisema. "Hakuna. Macho tu."

* * *

Bwana Nyota alimsikiliza mpaka mwisho, na hilo lilimtia matumaini.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, Profesa."

"Sasa nisikilize. Hujadanganya mtu. Jedwali lako ni sahihi kwa kaya zilizomo. Weka tanbihi chini, mstari mmoja: kaya zisizo na kipato zimeondolewa. Kila mtu anafanya hivyo."

"Lakini hizo ndizo swali lenyewe linazihusu."

"Mwalimu." Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai. "Wewe ni mtu mzima. Unamwamini mtu anayekwambia anaishi kwa sifuri? Kwa mwezi mzima? Anakula nini, upepo? Watu wanadanganya wakiulizwa kipato. Sifuri ni uongo, na uongo hautiwi kwenye hesabu."

Haikuwa hoja ya kijinga, na hapo ndipo ilipokuwa na sumu. Mwalimu alimwona mawazoni mtafiti na dodoso lake amesimama pale uani kwao. Mwezi uliopita mlipata kiasi gani? Posho yake ya masomo ilikuwa imekwisha muda. Kiwanda kimefungwa. Unga ni wa wifi, nao hauitwi kipato. Aliona jinsi Baba Kidoti angetazama kando kabla ya kujibu.

"Wengine hawadanganyi," alisema.

"Huwezi kuwatenganisha."

"Hata wewe huwezi, Profesa. Umewatoa wote."

Feni ilizunguka. Profesa akavaa miwani. "Umewatoa wewe," alisema bila hasira. "Mimi nilisifu tu. Jumatano uje na jedwali moja. Ukija na mawili, sitajua la kuwaambia wageni, na mtu asiyejua anasimamia nini siwezi kumweka kwenye mradi."

Nyumbani alimkuta mumewe akikarabati kiti. Alikaa mkabala naye, akajaribu kumweleza. Alieleza logariti, akaeleza nyota, akaeleza nafasi ya kazi. Baba Kidoti aligonga msumari, akatoa mwingine mdomoni, akagonga.

"Kazi ni ya uhakika?"

"Nikinyamaza, ndiyo."

"Na Kidoti angerudi shule."

"Mwezi ujao tu."

Nyundo ilitulia. Mwalimu alisubiri. Alitaka aambiwe nyamaza, apate mtu wa kumlaumu maisha yake yote. Au aambiwe sema, apate mtu wa kuanguka naye.

"Mimi hesabu zako sizijui," mumewe alisema. "Usiniulize mimi." Akaendelea kugonga, na kila mmoja akabaki upande wake wa kiti.

* * *

Semina ya Jumatano wanafunzi waliiita Kwa Kinyozi, kwa kuwa uliingia na nywele zako ukatoka kipara. Desturi ya idara ilikuwa kwamba msemaji hamalizi ukurasa wa pili kabla hajakatizwa, na kadiri walivyokukatiza ndivyo walivyokuheshimu. Wageni wawili wa mipango walikaa mbele na chupa zao za maji. Profesa alimtambulisha kwa maneno matamu. "Huyu alikuwa anafundisha sekondari," alisema, "sasa atatufundisha sisi."

Alionyesha jedwali la kwanza. Nyota tatu ziling'aa ukutani na wageni wakaandika kitu. Mwalimu angeweza kuishia pale. Hata kurasa zingemruhusu, kwa kuwa jedwali la pili aliliweka mwisho kabisa, akijiachia mlango.

"Kwenye jedwali hili," alisema, "nilifanya kosa. Nilichukua logariti ya kipato. Kaya zilizosema hazina kipato ziliondoka zenyewe, nami sikuziona. Hili ni jedwali zikiwemo."

Akabonyeza. Ukuta ukawa na namba tupu, bila nyota.

Walimnyoa. Mhadhiri mmoja aliuliza kwa nini hakuiona mapema. Mwingine aliuliza kama hata data aliisoma. Kijana hodari aliuliza swali zuri, la kweli, la kusaidia, na Mwalimu akalijibu nusu tu. Mgeni mmoja akainua kalamu.

"Samahani, mama. Kwa hiyo matokeo ni yapi? Wanawatoa watoto au hawawatoi?"

"Wenye kidogo wanang'ang'ania. Wasio na kitu wanawatoa."

"Na utajuaje kwamba hao wasio na kitu wanasema kweli?"

Jibu Mwalimu alikuwa nalo. Lilikuwa na gauni lililopauka mabega na benchi la wazazi na karani. Lakini hapo si mahali pa kutolea vitu hivyo, na hakuvitoa.

"Sijui wote," alisema. "Najua kwamba wapo."

"Mwanafunzi wangu bado anaifanyia kazi," Bwana Nyota aliwaambia wageni, akasimama kuzima mashine ya kuonyeshea. Watu walitoka wakizungumza habari za chakula. Mlangoni profesa alimwambia kwamba atahitaji muhula mwingine kuandika upya, na kwamba kijana hodari ataanza kwenye mradi mwezi ujao. Alisema kwa adabu, kama mtu anayekwambia basi lako limeshaondoka. Mwalimu akasema ahsante. Kwa nini alisema ahsante hakujua, na njia nzima neno hilo lilimkera kuliko yote.

Alipopita ukumbi wa kompyuta, yule kijana alitoka mbio na mkoba ambao Mwalimu alikuwa ameusahau. Alikuwa ameona haya mpaka masikioni.

"Mama, mimi sikuomba ile nafasi."

"Najua, mwanangu. Ifanye vizuri." Halafu akaongeza, "Usiwatoe."

Kijana aliitikia kwa kichwa. Labda alielewa.

* * *

Gauni lilikuwa bado kwenye kamba. Alipita chini yake, akamkuta Baba Kidoti kwenye ngazi ya jikoni akipiga mistari kwenye kipande kingine cha karatasi, na Kidoti pembeni amelalia bega lake. Mumewe alimwona na mkoba, saa hizo, akaweka rula chini.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Umepata nyota ngapi?"

"Hakuna hata moja. Na kazi kapewa mtoto wa watu. Nina muhula mwingine mzima." Alitaka kulisema kama mzaha, sauti ikamsaliti. "Wifi akisikia atasema kimeungua."

Mumewe hakucheka, wala hakumpa pole. Alitazama karatasi yake, akachezea ncha ya penseli. Mwalimu alisimama uani, viatu alivyoazima kwa ajili ya semina vikimbana vidole, akawaza kwamba huu ndio upweke wenyewe: umefanya jambo kubwa kuliko yote maishani mwako na hakuna mtu hata mmoja anayejua kama ni jambo.

"Mama Kidoti," mumewe alisema hatimaye, bila kuinua macho. "Kwenye hizo kaya zako. Siku ile ulisema watu kama sisi wamo."

"Nilikosea. Hamkuwemo." Akajisahihisha. "Hatukuwemo."

"Na sasa?"

"Sasa tumo."

Baba Kidoti alimsogeza mtoto kidogo, naye mwenyewe akasogea, ikabaki nafasi kwenye ngazi. Mwalimu akavua viatu, akakaa.